Paka wa Mtaani: Walishwe, Wahasiwe, Wahamishwe au Waachwe?

Karibu kila mtaa wenye paka wasio na mwenyewe una kambi mbili. Wapo wanaotoka jioni na sahani ya mabaki, na wapo wanaotoka na ndoo ya maji kuwamwagia. Wakikutanishwa kikaoni, mjadala unageuka kuwa nani ana roho nzuri na nani hana, watu wananuniana, kikao kinavunjika. Wakati huohuo nyuma ya ukuta kuna majike wawili wenye mimba.

Kuongezeka au kupungua kwa paka mtaani kunategemea zaidi mambo mawili: chakula kinachopatikana, na majike wanaoweza kuzaa. Njia inayogusa kimoja na kuacha kingine itawachosha tu. Ndiyo maana hapa kila njia naipima kwa hayo mawili kwanza. Huruma, kelele, harufu na gharama vitafuata. Njia zenyewe nazipanga mbilimbili kwa sababu ndivyo watu wanavyozibishania.

Uzazi wenyewe hauna mzaha. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, umri ambao wengi bado wanamwita mtoto. Mimba inachukua kama siku 63 hadi 65, anazaa watoto watatu hadi watano, na anaweza kurudi kwenye joto angali ananyonyesha. Kwa mwaka anazaa mara mbili, hata tatu. Ukipiga hesabu hiyo kwenye karatasi unapata maelfu ya paka ndani ya miaka michache, na kweli kuna mabango yanayotisha watu kwa hesabu za namna hiyo. Kinachosahaulika ni vifo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 huko North Carolina, Marekani, uliofuatilia watoto wa paka wanaoishi nje, ulikuta asilimia 75 wamekufa au wametoweka kabla ya kutimiza miezi sita. Maana yake ni kwamba mtaa unaoonekana una "paka walewale kila mwaka" unabaki hivyo kwa sababu watoto wanakufa kwa njaa, mafua, mbwa na magari. Na maana yake pia ni kwamba ukiwapunguza wakubwa kidogo, wapo wadogo wengi ambao sasa watapata nafasi ya kuishi.

Kuwaacha, au kuwalisha tu

Kuwaacha ni ile funika kombe mwanaharamu apite. Haigharimu kitu, haimuudhi mtu, na inaonekana kama mtaa haujaamua lolote. Lakini kama jaa liko wazi na mabaki yanamwagwa uchochoroni, mtaa unawalisha paka kila siku bila kujua. Tofauti pekee na yule mama wa sahani ni kwamba yeye anawajua paka wake.

Kulisha tu, bila kuhasi hata mmoja, kwa hesabu kavu ni kubaya zaidi kuliko kuwaacha. Jike aliyeshiba hushika mimba vizuri na maziwa yake yanatosha, kwa hiyo watoto ambao wangekufa wanapona. Paka wa mitaa ya jirani wananusa na kuhamia. Kisha watu wakijua pana chakula, wanaanza kuja usiku na maboksi ya paka wasiowataka. Hakuna anayelisha kwa nia mbaya, lakini ndani ya muda mfupi paka sita wanakuwa ishirini na mlishaji mwenyewe anazidiwa.

Hata hivyo mlishaji asifukuzwe. Yeye ndiye anayejua yule wa madoa amezaa juzi, yule mweusi ana kidonda, na yule wa rangi ya chungwa alitupwa wiki iliyopita kwa sababu bado anakuja akiitwa. Njia zozote za maana nitakazozitaja huko mbele zinakwama bila mtu wa namna hii. Anachotakiwa kubadili ni namna ya kulisha: saa ileile kila siku, mahali pamoja pasipo mlangoni kwa mtu, kiasi kinachoisha ndani ya nusu saa, na sahani ziondolewe. Chakula kinacholala nje usiku hakiliwi na paka peke yao.

Hapo ndipo panapoingia hoja ya panya. Wapo wanaotetea paka wote wa mtaa kwa hoja kwamba wakiondoka tutaliwa na panya. Kwa panya wadogo wa ndani ya nyumba, paka anasaidia kweli. Kwa wale panya wakubwa wa mitaroni, sifa imezidi. Watafiti waliotegesha kamera kwenye kituo cha taka huko Brooklyn, New York, na kuchapisha matokeo mwaka 2018, walifuatilia kwa siku 79 na kuona paka wakiua panya wawili tu. Panya walijifunza kujificha paka wakiwapo, na wakawa hawaonekani sana, jambo linalomfanya mtu adhani wamekwisha. Jaa likifunikwa, panya na paka wanapungua pamoja, na hilo halihitaji kikao kirefu.

Kuwaua, au kuwahamisha

Hizi mbili ni ndugu. Zote zinatoa paka kwenye eneo na kuacha chakula palepale.

Sumu ndiyo inayotajwa kwanza na watu waliokasirika. Haichagui: inaua mbwa wa jirani, kunguru, na mtoto anayeokota vitu chini anaweza kuigusa. Paka hafi papo hapo pia. Anakwenda kufia darini au chini ya tangi la maji, na mtaa unanuka kwa wiki. Kwangu hilo lingetosha kuifuta kwenye orodha, lakini kwa wale wanaosema "cha muhimu wapungue", kuna ushahidi wa Tasmania, Australia. Huko misituni watafiti waliondoa baadhi ya paka kwa muda kwenye maeneo yasiyo na uzio, kama ambavyo mtaa ungefanya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha paka waliongezeka kwenye maeneo hayohayo. Wakubwa waliokuwa wakilinda mipaka walipotoka, wageni waliingia.

Kuua kumewahi kufanikiwa kabisa, ila tazama masharti yake. Kisiwa cha Marion, cha Afrika Kusini, kilipelekewa paka watano mwishoni mwa miaka ya 1940 ili wakamate panya kwenye kituo cha hali ya hewa. Kufikia mwaka 1977 walikadiriwa kuwa 3,400 hivi na walikuwa wakiua ndege wa baharini laki nne na ushei kila mwaka. Wakasambaziwa kirusi, wakawindwa kwa bunduki usiku, wakategwa, na paka wa mwisho aliondolewa mwaka 1991. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi, kwenye kisiwa ambacho hakuna paka anayeweza kuingia kutoka nje. Mtaa wenu una barabara pande zote.

Kuwahamisha kunapendwa kwa sababu kunaonekana ni huruma: paka anatiwa kwenye gunia, anapelekwa sokoni au shambani, "atajitafutia". Paka aliyefunguliwa ghafla mahali asipopajua hafanyi utafutaji wa chakula kwanza. Anakimbia akitafuta njia ya kurudi, na anakutana na paka wenyeji wasiotaka mgeni. Wengi wanakufa barabarani. Uhamisho unaostahili jina hilo unataka kizimba kule anakopelekwa, afungiwe humo wiki mbili hadi nne akilishwa na mtu yuleyule, mpaka azizoee harufu na sauti za mahali, ndipo mlango ufunguliwe. Ghala au shamba lenye mtu anayewataka kweli linaweza kuchukua wawili watatu kwa njia hiyo. Kundi zima, hapana.

Kuhasi na kuwarudisha, au kuwatafutia nyumba

Huku ndiko ningepeleka nguvu, na huku pia ndiko kuna maneno mengi matamu yasiyotimizwa.

Kuhasi na kuwarudisha kunakwenda hivi: paka anakamatwa, anapelekwa kwa daktari wa mifugo, dume anahasiwa na jike anafungwa kizazi, anachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa akiwa bado amelala, ncha ya sikio moja inakatwa, kisha anarudishwa palepale alipotoka. Kwa anayesikia mara ya kwanza, kukata sikio kunaonekana ukatili usio na sababu. Ni kipande kidogo, kinakatwa akiwa hana fahamu, na baada ya kupona sikio linakuwa na ukingo ulionyooka badala ya ncha. Ukiwa mbali, bila kumshika, unajua huyu tayari. Bila alama hiyo mtamkamata jike yuleyule mara mbili na kumpasua bure.

Ukamataji wenyewe ni kazi ya subira zaidi kuliko nguvu. Mtego ni kizimba cha waya kirefu, chenye kibao sakafuni karibu na mwisho. Paka akikikanyaga mlango unadondoka nyuma yake. Paka wasipewe chakula siku moja kabla. Tandika gazeti chini ili miguu isihisi waya, weka chakula chenye harufu kali nyuma ya kile kibao, kaa mbali. Paka atazunguka, ataingiza kichwa, atatoka, ataingia nusu. Ukisogea hapo umeharibu. Mlango ukidondoka ataruka na kugonga waya kwa vishindo vya kutisha. Funika kizimba chote kwa shuka nzito na kelele zitakatika karibu papo hapo, kwa sababu asichokiona hakimtishi. Usimwingizie mkono hata akionekana mpole. Baada ya upasuaji dume anahitaji usiku mmoja wa kupumzika, jike siku moja au mbili. Jike anayenyonyesha arudishwe upesi iwezekanavyo, maana watoto wamefichwa mahali na hakuna mwingine wa kuwalisha.

Je, kunapunguza paka? Kunapunguza, kwa masharti mawili ambayo wahamasishaji wengi huyapitia harakaharaka.

La kwanza ni wingi wa waliohasiwa na ukaribu wao. Mji wa Rishon LeZion, Israel, ulifuatiliwa kwa miaka 12, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Pale ambapo kuhasi kulifanyika sehemu fulani na kurukwa sehemu nyingine, paka hawakupungua. Waliohasiwa walipata majirani wapya waliotoka kwenye sehemu zisizoguswa. Kuhasi kulipofanyika mji mzima na kupita asilimia 70 ya paka, ndipo walipoanza kupungua, kama asilimia 7 kwa mwaka. Na watoto wachache waliozaliwa wakawa wanapona zaidi, kama hesabu ya vifo hapo juu inavyokuambia. Kwa mwendo wa asilimia 7, paka 40 watakuwa 20 baada ya miaka tisa au kumi. Mtu anayewaahidi mtaa utakuwa mtulivu mwakani anawauzia mbuzi kwenye gunia. Kitakachotulia mapema ni kelele za usiku na harufu ya mkojo wa madume, na kwa majirani wengi hilo lenyewe ni nusu ya ugomvi.

Sharti la pili ni kwamba kuhasi kufanye kazi pamoja na kutafuta nyumba. Kwenye kampasi ya chuo kikuu kimoja huko Florida, paka 155 kwa jumla walifuatiliwa kwa miaka 11, kuanzia 1991 hadi 2002. Walikuwa 68 mwaka 1996 na 23 mwishoni. Matokeo hayo hutajwa sana kusifia kuhasi, lakini ndani yake karibu nusu ya paka, asilimia 47, walichukuliwa wakapewa nyumba. Ukiondoa sehemu hiyo, hadithi inabadilika.

Kwa upande wa pili, kutafuta nyumba peke yake hakutoshi, kwa sababu paka wengine hawawezi kuwa wa nyumbani. Mtoto wa paka anajifunza kumwamini binadamu kati ya wiki ya pili na ya saba hivi ya maisha yake. Aliyekosa kushikwa katika kipindi hicho akikua anakuwa paka shume: binadamu kwake ni mnyama mkubwa wa kukimbiwa. Mtie ndani ya nyumba yenye upendo wote wa dunia, ataishi chini ya kitanda na kula usiku. Hiyo si nyumba kwake. Aliyetupwa baada ya kulelewa ni tofauti, na unamtambua: anakutazama usoni, anainua mkia, analia akikuona. Shume anakaa kimya, amejibana chini, anakutazama akiwa tayari kuondoka. Siku za mwanzo aliyetupwa naye huwa na woga, kwa hiyo mpe siku kadhaa kabla hujamhukumu.

Kwa hiyo nikilinganisha hizi mbili sioni ushindani. Watoto wa chini ya wiki saba au nane na waliotupwa waende nyumbani kwa watu. Wakubwa walio shume wahasiwe na warudi. Italia iliweka jambo hili kwenye sheria namba 281 ya mwaka 1991: paka wanaoishi huru wasidhulumiwe, wahasiwe na mamlaka ya afya ya eneo husika, kisha warudishwe kundini mwao. Kwenye magofu ya Largo di Torre Argentina, Rome, mahali alipouawa Julius Caesar, paka wanatunzwa na watu wa kujitolea kwa utaratibu wa namna hiyo. Sheria haikuwamaliza paka wa Rome, ila inajulikana nani anafanya nini.

Neno kuhusu sindano na vidonge vya kuzuia mimba, kwa kuwa vinapendekezwa kama njia rahisi. Homoni hizo zikirudiwarudiwa zinaongeza hatari ya usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti, na kumpa paka wa mtaani dozi sahihi kwa wakati sahihi ni kubahatisha. Sizipendekezi.

Malalamiko ya wasiopenda paka

Nasema wazi kwamba mengi ni ya haki, na hakuna njia inayoyajibu yote.

Kelele, mapigano na mkojo wa kupulizia kutani: kuhasi kunajibu vizuri. Kinyesi kwenye bustani na mchanga wa kuchezea watoto: kuhasi hakujibu kitu. Hapo dawa ni kufunika mchanga, na kuweka pembeni pa kulishia eneo la mchanga mkavu ambalo mlishaji analisafisha kila siku. Kila siku kuna sababu yake: mayai ya kimelea cha toksoplazma yanayotoka na kinyesi cha paka yanahitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mjamzito aache kazi hiyo kwa mwingine, na anayelima bustani avae glavu.

Kichaa cha mbwa ni suala zito zaidi. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu haumwachi mtu. Katika ulinganisho huu, njia pekee inayoacha mtaani paka waliochanjwa ni ile ya kuhasi na kurudisha. Ukiua au kuhamisha, nafasi inachukuliwa na wasiochanjwa. Chanjo lakini inahitaji kurudiwa, na paka aliyewahi kutegwa haingii mtegoni kirahisi mara ya pili.

Ndege ndio doa kubwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalisema paka wa Marekani wanaua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa ni kazi ya paka wasio na mwenyewe. Paka aliyehasiwa na kushiba bado anawinda. Atawinda mpaka afe, na akitunzwa vizuri hafi mapema.

Sasa nyie mko wapi?

Kama ni eneo lenye ukuta au uzio na wasimamizi, mathalani shule, hospitali, kiwanda au jengo la makazi, kuhasi na kurudisha pamoja na kutafuta nyumba ndiyo njia, na mnaweza kuifikia ile asilimia 70 katika miezi michache. Mteue mtu mmoja mwenye daftari: kila paka, rangi, jinsia, sikio, tarehe.

Mtaa wa wazi uliobanana unataka mpango tofauti kidogo. Msikamate paka kumi huku na kule kwa sababu ndio waliopatikana kirahisi. Chagueni sehemu moja ya kulishia, mmalize wote pale, ndipo mhamie ya jirani. Fedha zikiwa chache anzeni na majike. Na kabla hamjapokea mtego wa msaada, ulizaneni nani atakuwapo mwaka wa tatu, kwa sababu kampeni nyingi za paka ni nguvu za soda: picha nyingi mwezi wa kwanza, kimya mwezi wa sita, na majike watatu waliobaki wakarudisha kundi lilipokuwa.

Paka wakiwa watatu au wanne na wote wazoevu, achaneni na mitego. Tafuteni nyumba, muwahasi kabla ya kuwakabidhi.

Pasipo na daktari wa mifugo wa karibu, msianzishe ulishaji mpya. Fungeni jaa, punguzeni mabaki polepole, si kwa siku moja, na mkusanye fedha za kumleta daktari kwa siku mbili tatu ahudumie wengi kwa mkupuo. Mara nyingi kumlipa aje ni nafuu kuliko kusafirisha paka mmojammoja.

Na kama mpo jirani na ufukwe wanakotaga kasa au ndege, au kando ya hifadhi, kurudisha paka palepale sikuungi mkono, hata nikiwa mpenzi wa paka. Hapo sehemu ya kulishia isogezwe hatua kwa hatua kuelekea ndani, mbali na viota, wazoevu wapewe nyumba, na shume wahamishiwe kwenye ghala au shamba kwa ule utaratibu wa kizimba. Watakaokosa pa kwenda waamuliwe na daktari wa mifugo pamoja na wasimamizi wa hifadhi, na mlishaji awepo kwenye kikao hicho tangu dakika ya kwanza, kwa sababu akisikia uamuzi huo mtaani atawaficha paka wote na hamtawaona tena.